Sakafu ya Gati la Zamani

"Hawa watu wa kwenye picha, mvua ikija, wataanua nini?"

Bibi yangu aliliuliza swali hilo amesimama mbele ya turubai kubwa lililotundikwa kwenye ukuta wa ghala, mikono ameifunga nyuma, kanga ya kichwani imemteremka hadi mabegani. Nilikuwa kando yake na beji ya kampuni kifuani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu nyuma, na nilijiona mtu wa kuhoji kila kitu: serikali, vyama, walimu wangu, hata hotuba za Ijumaa.

"Bibi, hii ni picha tu."

"Naiona kama ni picha. Ndo maana nauliza."

Turubai lilionesha gati letu la zamani namna litakavyokuwa. Majengo ya ghorofa nne yenye vibaraza vya vioo, maduka chini, ofisi juu yake, hoteli mwisho kabisa, na njia ya miguu kando ya maji yenye miti ambayo sijawahi kuiona Pemba. Watu walikuwa warefu na hawakubeba chochote. Mmoja alikuwa akimtembeza mbwa kwa kamba. Mbwa yule aliwachekesha wiki nzima wanawake walioanika karafuu kwenye sakafu ya gati, ambao kazi yangu ilikuwa kuwaandika majina.

"Mwandishi, na mbwa naye umemuandika?" mmoja aliniuliza.

"Mbwa yumo, shoga," mwenzake akamjibu kabla yangu. "Wewe ndo humo."

Gati lile lilijengwa kwa ajili ya karafuu. Kulikuwa na maghala matatu, winchi, reli za vigari vya kusukumia magunia, na kiwanda kidogo cha kukamulia mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kazi hiyo mimi sikuikuta. Nilikuta winchi imeganda kwa kutu, shingo imeelekea baharini, na dohani ya kiwanda imeota majani. Meli za Unguja zilifunga upande mwengine wa Mkoani, kwenye bandari yenye watu. Upande wetu hapakufunga kitu.

Kilichobaki kizima ni sakafu. Saruji pana, iliyomwagwa na watu waliojua kazi yao, haina ufa wa kupitisha hata ukucha. Jua la saa nne likishaipiga, huwezi kuisimamia bila viatu. Karafuu zilizohitaji siku sita juu ya jamvi uani kwetu, pale zilitosheka na siku nne, zikatoka na wekundu ule wa kahawia, ukiivunja moja inalia. Kwa hiyo wakati wa msimu watu walizileta kutoka mitaa yote ya jirani, kila mtu na majamvi yake, kila mtu na pahala pake alipopazoea. Pa bibi palikuwa karibu na winchi.

Sakafu ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga. Mvua ikija, aliyepo anaanua. Haulizi za nani. Unaanza na zilizo karibu na miguu yako, unakusanya pembe nne za jamvi, unaburura hadi ghalani, unarudi kuchukua jengine. Mwenyewe akifika anazikuta ndani, na hamshukuru mtu kwa sababu hajui amshukuru nani.

Siku zenyewe zilikuwa za kususiana. Asiyeziishi atasema natia chumvi. Uchaguzi ulikwisha, kura zikahesabiwa namna zilivyohesabiwa, na watu wa chama kimoja wakaacha kununua duka la mtu wa chama chengine. Gari lake hawapandi, harusi ya mwanawe hawaendi. Nimeona maiti akipelekwa makaburini na watu wasiotosha kupokezana jeneza. Lakini nimemwona pia bibi yangu, ambaye alikuwa hajamsalimia mke wa sheha, mkubwa wa mtaa wetu, tangu siku ya matokeo, akiburura jamvi la mke wa sheha matone yalipoanza, huku ananung'unika peke yake.

"Za yule, bibi?" nilimuuliza.

"Mvua haikupiga kura. Shika pembe hiyo."

Hayo yalikuwa kabla ya turubai.

Ofisi ya mradi wa majengo ya kwenye picha ilikuwa nyumba ya kukodi Tibirinzi, mjini Chake. Msimamizi wangu alikuwa kijana wa Unguja, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni kila siku. Siku ya kwanza alitueleza maneno "matumizi mchanganyiko": makaazi, biashara na burudani mahali pamoja, watu waishi na kufanya kazi kando ya maji bila kuhitaji kwenda mbali. Niliinua mkono.

"Pale tayari pana matumizi mchanganyiko," nilisema. "Asubuhi karafuu. Mchana watu wanashona nyavu kwenye kivuli cha ghala. Alasiri mpira, upande usio na majamvi. Na ghala la mwisho lina chuo cha Kurani."

"Hayo ni matumizi yasiyo rasmi, dada."

"Na rasmi ni yepi?"

"Yatakayoandikwa." Akatabasamu, akanisogezea rundo la fomu. "Ndiyo maana tumekuajiri. Uandike."

Jibu lilinipendeza. Sasa naona haya kulikumbuka, lakini lilinipendeza. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu juu ya watu wanaoondolewa kwenye ardhi kwa sababu hawamo katika karatasi yoyote. Nilidhani dawa ni karatasi. Msimamizi aliahidi kwamba nyuma ya majengo mapya litajengwa banda la kuanikia, na kila jina lililomo katika orodha litapewa pahala pake. Nilirudi Mkoani na zile fomu kifuani kama mtu aliyetumwa dawa.

Fomu ilitaka jina, jina la baba, nyumba, na alama ya dole gumba. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha mhuri wa sheha, kuthibitisha kwamba mtu huyo ni mkaazi.

Mtu yeyote wa Pemba angeliona tatizo kabla wino haujakauka. Mimi mwenyewe niliona, nikalipita. Sheha ndiye serikali ya mtaa, na wakati wa kuandikisha wapiga kura alikuwa akikaa kituoni na kusema nani anamjua na nani hamjui. Bibi yangu alizaliwa katika nyumba tuliyokuwa tukiishi, akazaa humo, akatoa humo maiti ya mume na ya watoto wawili. Sheha alimtazama usoni akasema hamtambui. Bibi alirudi nyumbani siku ile akafua nguo zote, hata zilizo safi.

Nusu ya watu wa sakafuni walitia dole. Nusu nyengine walikataa kata kata.

"Aliyesema hanijui siku ya daftari," bibi aliniambia, "leo aandike kwamba ananijua?"

"Hii si kura, bibi. Hii ni sehemu yako ya kuanikia."

"Ikishakuwa na mhuri wake ni karatasi ile ile."

"Usipokuwemo, bandani hutapata pahala."

"Pahala pangu pako pale, karibu na winchi. Nenda kapatazame."

Nilikwenda kupatazama, kwa kweli, kwa sababu wiki iliyofuata msimamizi alileta mchoraji na ndoo ya rangi nyeupe. Walichora mistari juu ya saruji, na ndani ya kila mraba wakaandika namba ya aliyemo katika orodha, ili wakubwa wakija kukagua waone kwamba mambo yamepangwa. Karibu na winchi hapakuandikwa kitu.

Waliokataa waliona namba, wakafanya kile ambacho watu wetu wanakijua kuliko chengine chochote. Walisusia. Walikunja majamvi yao wakarudisha karafuu zao uani na kando ya barabara, na wakatangaziana kwamba atakayeanika pale ameanika kwa sheha. Ndani ya siku mbili upande wao wote, wa mashariki, ulikuwa mtupu. Kampuni haikuwaondoa. Waliondoka wenyewe, kwa hasira, wakiamini wanampa mtu adhabu, na mimi niliwaona wanavyokunja na nikaandika katika fomu ya wiki ile: eneo la mashariki halitumiki.

Alibaki bibi. Uani kwetu palikuwa na kivuli cha ukuta wa jirani, na karafuu zake za mwaka ule, mavuno ya mikarafuu minne ya urithi, hazikuwa na pahala pengine. Alizianika pale pale, peke yake, kando ya winchi, majirani wake wa chama chake wakimpita bila salamu na wa chama chengine wakimtazama kutoka ndani ya miraba yao.

"Bi mkubwa, hujachoka kukaa jangwani?" mke wa sheha alimpigia kelele siku moja.

"Jangwa hili lina kivuli cha winchi," bibi akamjibu. "Lako lina namba tu."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia wakisemeshana tangu uchaguzi, na nakumbuka niliona kama ni dalili njema.

Usiku mmoja wakati wa kula nilimwaga yaliyokuwa moyoni. Nilimwambia bibi kwamba msimamizi amesema nusu ya orodha haitoshi. Wanaotoa fedha za mradi wanataka kuona watu wa pande zote mbili. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu, na orodha isipotimia hawatauongeza. Nilisema pia, kwa sauti ambayo nisingeitumia kwa mtu mwengine yeyote mzima, kwamba ukaidi wa wazee ndio utakaokimaliza kisiwa hiki.

Bibi alikuwa akichambua miba ya samaki.

"Kazi nyengine hakuna?"

"Iko wapi, bibi?"

Alinisogezea kichwa cha samaki, ambacho siku zote alikula yeye.

Asubuhi ya siku ya ukaguzi alitandaza karafuu zake mapema, akazigeuza kwa nyayo, kisha akarudi nyumbani kuvaa buibui la kutokea. Alisema anakwenda kijijini Ole, kuna msiba kwa watu wa upande wa mama yake.

"Nitazamie zangu," aliniambia.

"Leo nina wageni, bibi. Msimamizi anakuja na wakubwa."

"Si utakuwa papo hapo?"

Nilikuwa papo hapo. Tuliweka meza katikati ya sakafu, fomu zote juu yake, zimezuiliwa na mawe zisipeperuke. Wakubwa walifika kabla ya adhuhuri na viatu vyeusi, wakatembea juu ya mistari, wakauliza kama bahari huwa inatulia. Wanawake wa miraba walisimama kila mmoja kwenye namba yake kama walivyoagizwa. Ilikuwa vuli, na vuli ya Pemba haipigi hodi. Nilisikia mabati ya juu mlimani yanavuma, kisha sauti ya mke wa sheha: "Mvua! Anueni!"

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka nilichofikiri, na sidhani kama nilifikiri. Nilikusanya fomu. Nilizikusanya zote, nikazikumbatia, nikazifunika kwa mtandio wangu, nikakimbia nazo ghalani. Niliziweka juu ya pipa, nikazihesabu. Nilizipangusa moja moja zile za juu zilizopata matone. Kisha nikatoka mlangoni.

Miraba yote ilikuwa imeshaanuliwa. Wanawake walikuwa wameingia ndani na majamvi yao, wanahema, wanakung'uta kanga. Nje lilibaki jamvi moja karibu na winchi.

"Zile?" niliuliza.

Mke wa sheha alinitazama, akaitazama beji yangu. "Zile hazina namba," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani.

Nilikimbia. Walioimwaga saruji ile waliiinamisha kidogo kuelekea baharini, kiasi ambacho jicho halioni, ili maji yasituame. Jamvi lilikuwa limeshaelea pembe moja. Karafuu zilikuwa zinateremka kwa mistari myembamba juu ya rangi nyeupe, zinapita kwenye ukingo wa gati, zinadondoka. Nilizuia kwa mikono, kwa miguu, nikapiga magoti. Nilichookoa kilijaa kikapu kimoja, nacho kilikuwa kimelowa hadi ndani. Baharini chini yangu maji yalikuwa yamefunikwa na vitu vidogo vya kahawia vinavyocheza.

Msimamizi alinikuta pale, ameinua mwavuli. "Umeokoa kazi ya miezi miwili," alisema, na alimaanisha fomu. Jibu la swali la bibi, kwamba wale wa kwenye picha wataanua nini, nililipata siku ile. Nilikuwa nimelikumbatia mwenyewe.

Bibi alirudi kabla ya magharibi, buibui limemganda mwilini kwa maji. Kila aliporudi Ole alirudi na muhogo, hata kama ni msibani. Watu wa huko hawamwachi mtu kuondoka mikono mitupu. Siku ile hakuwa na kitu mkononi ila kimfuko chake cha nailoni. Niliona hivyo, na mimi niliyehoji kila kitu sikuhoji.

"Zimenyeshewa?" aliuliza.

"Zote, bibi."

"Na karatasi zako?"

"Zimepona."

"Alhamdulillahi."

Niliutazama uso wake nikitafuta kejeli. Haikuwepo, na hilo ndilo lililonikasirisha. Zile za kikapuni tulizianika upya juu ya kigae jikoni, zikafanya ukungu mweupe, na kituo cha kununulia hakikuzipokea. Mwezi uliofuata mkataba wangu haukuongezwa.

Yaliyobaki si marefu. Walizungushia gati mabati, wakapasua sakafu. Iliwachukua siku nyingi kuipasua, na kelele zake zilifika hadi chumbani kwetu. Majengo mawili kati ya yale ya kwenye picha yalisimama. Moja lina madirisha, jengine halijapata. Banda la kuanikia lilijengwa kweli, la mabati, na wenye namba wakaanika humo msimu mmoja. Kisha wakaambiwa harufu na vumbi haviendani na wageni, wakaondolewa nao. Sheha hakuweza kuwasaidia, au hakutaka. Kwa aliyesimama nje na magunia yake ilikuwa mamoja. Langoni pana mlinzi anayeuliza, "Unakwenda kwa nani?" Hakuna wa kwetu mwenye jibu la swali hilo.

Watu wa pande zote mbili wakakutana kando ya barabara ya lami, ambako gari zinapita zikipulizia karafuu moshi. Bibi alianika huko misimu yake ya mwisho, ameketi juu ya jiwe na fimbo ya kufukuzia mbuzi. Mvua ikija, kila mtu alikimbilia zake. Nilimwona mara nyingi akianza kwenda kwenye jamvi la jirani, kisha anasita, anarudi kwenye lake. Sheria ile haikuhama na watu. Nafikiri ilibaki kwenye saruji, na saruji ilipakiwa kwenye malori.

Nilihama, nikafanya kazi nyengine za kuandika, kwengine. Kila nilipokumbuka siku ile nilimlaumu kidogo, sitaficha. Nilijiambia kwamba angetia dole tu, angekuwa na mraba, na jamvi lake lingeanuliwa na wenziwe. Nilijiambia kwamba aliyapoteza yote kwa sababu ya kiburi na msiba wa watu wa mbali.

Alipofariki nilirudi. Siku ya hitima mke wa sheha alikuja kwetu, mara ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu uchaguzi ule. Alikuwa mjane sasa, amepungua. Alikaa nami jikoni tukipakua, kisha akasema, "Siku ya mvua ile sisi hatukuujua mwisho wake. Kama ningelijua, ningelianua."

Nikamwambia haidhuru, ni ya zamani, na bibi mwenyewe hakuwepo, alikuwa Ole.

Aliweka upawa chini. "Ole ipi, mwanangu?"

Bibi yangu hakwenda Ole. Alikaa barazani kwa sheha tangu asubuhi, na kitambulisho chake ndani ya kimfuko cha nailoni, akiomba aandikwe ili orodha ya mjukuu wake itimie, na baada ya alasiri sheha alitoka akamwambia kwamba hamtambui.